Wimbo wa Adui

Swali lilianza kama mzaha, saa nne usiku, katika chumba cha hosteli chenye vitanda viwili na feni moja. Nilikuwa nasikiliza August Burns Red, bendi ya Lancaster, Pennsylvania, wakiurudia wimbo wa Britney Spears "...Baby One More Time". Mwenzangu wa chumba anasoma uhandisi na hapendi kelele za magitaa. Alizivumilia dramu, akamvumilia na yule mwimbaji anayenguruma kama amekabwa koo, mpaka alipoyatambua maneno. Akainuka kitandani. "Ngoja kwanza. Huu si ule wa Britney?" Nikamwambia ndio wenyewe. Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akauliza: "Sasa hawa jamaa wanamkejeli, au wanampenda?"

Nilimjibu haraka, kama anavyojibu mtu anayeogopa kuonekana hajui. Wanamkejeli, nikasema. Panki na pop ni maadui wa siku nyingi. Akaridhika, akageukia ukutani, akalala. Mimi nikabaki macho, kwa sababu nilijua nimedanganya. Jioni ile nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara sita, na sidhani kama kuna mtu anayesikiliza kejeli mara sita.

Mimi nasoma historia, na sisi tunaosoma historia tuna ugonjwa wetu: tukiulizwa swali la mzaha usiku, asubuhi tunalitafutia tarehe. Hiki ndicho nilichokipata.

Nianze na uadui wenyewe. Simulizi tuliyoizoea inasema kwamba katikati ya miaka ya 1970 roki ilikuwa imenenepa na kutajirika, ndipo vijana wa New York na London wakaja na magitaa ya bei rahisi, koodi tatu na hasira. Panki ikazaa hadikoo, iliyokuwa na kasi zaidi na ukali zaidi, Los Angeles na Washington, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hadikoo ikazaa posti-hadikoo, iliyobaki na ukali wa mama yake lakini ikajiruhusu mapigo yasiyotabirika, ukimya, na hata machozi. Katika ukoo huo wote adui alikuwa mmoja: wimbo mtamu wa redioni, uliotengenezwa na watu wazima ili uuzwe kwa watoto.

Simulizi hiyo inapendeza. Shida inaanza ukizisikiliza santuri zenyewe. Albamu ya kwanza ya Ramones, iliyotoka 1976 na ambayo wengi huihesabu kama mwanzo wa panki, ina wimbo mmoja tu ambao bendi hiyo haikuutunga. Wimbo huo ni "Let's Dance", uliovuma kwa sauti ya Chris Montez mwaka 1962: wimbo wa kucheza, mwepesi kama soda. Mwaka uliofuata, kwenye albamu ya Rocket to Russia, waliurudia "Do You Wanna Dance?" wa Bobby Freeman, wa mwaka 1958. Hata jina lao lina asili hiyohiyo, kwani Paul McCartney wa Beatles aliwahi kujiita Paul Ramon alipotaka jina la bandia. Hawa walikuwa vijana wa Forest Hills, mtaa wa Queens, waliolelewa na redio, na hawakuwa na ugomvi na pop. Walichokasirikia ni kwamba redio ya siku zao iliacha kupiga nyimbo fupi na tamu walizozipenda walipokuwa watoto, basi wakaamua kuzipiga wenyewe, kwa kasi na sauti ya juu.

Mwaka 1980 wakaenda mbali zaidi. Walirekodi na Phil Spector, mtayarishaji aliyezijenga nyimbo za makundi ya wasichana ya miaka ya 1960, na wakaurudia "Baby, I Love You" wa kundi la The Ronettes, tena kwa violini. Wimbo huo ulifika nafasi ya 8 kwenye chati za Uingereza. Hawakuwahi kupanda juu zaidi ya hapo katika chati hizo. Bendi iliyohesabiwa kuwa baba wa panki ilipata mafanikio yake makubwa Uingereza kwa kuimba wimbo wa mapenzi wa akina dada.

Kwa hiyo upendo ulikuwapo tangu mwanzo. Ila kejeli nayo ilikuwapo, na mfano wake mkubwa ni Sid Vicious.

"My Way" ni wimbo uliosafiri sana kabla ya kumfikia. Ulianzia Ufaransa mwaka 1967 kwa jina la "Comme d'habitude", ukiimbwa na Claude François. Paul Anka akauandikia maneno mapya ya Kiingereza, na mwaka 1969 Frank Sinatra akaufanya kuwa wimbo wa mzee anayetazama nyuma, anapiga hesabu ya maisha yake na kuridhika nayo. Mwaka 1978 Sex Pistols walikuwa wamevunjika. Meneja wao, Malcolm McLaren, alikuwa anatengeneza filamu, na Sid alirekodiwa Paris akiuimba wimbo huo. Anaanza kwa sauti nzito ya bandia, kama mlevi anayemwigiza mjomba wake harusini, kisha magitaa yanaingia na kila kitu kinavunjika. Mwishoni mwa kipande hicho cha filamu anatoa bastola na kuwafyatulia watazamaji wake. Hiyo ni kejeli kamili. Mtoto anamtemea mate mzee.

Lakini sikiliza tena ukijua tarehe. Sid Vicious alikufa New York tarehe 2 Februari 1979 kwa heroini nyingi kupita kiasi, akiwa na miaka 21. Aliuchezea wimbo wa mtu aliyefika mwisho wa safari, bila kujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameukaribia mwisho huo kuliko Sinatra, aliyeishi mpaka 1998. Siku hizi nikiusikia naona kejeli imehama. Haimpati tena mzee, inampata kijana. Labda hilo ndilo tatizo la kukejeli wimbo mzuri: wewe unaondoka, wimbo unabaki na maneno yake.

London ya miaka hiyo ilikuwa na njia ya tatu pia. Mwaka 1977 The Clash walirekodi "Police and Thieves", wimbo wa rege wa Junior Murvin uliotoka Jamaika mwaka mmoja tu kabla. The Slits, bendi ya wasichana, waliurudia mwaka 1979 "I Heard It Through the Grapevine", wimbo wa Motown tunaoujua zaidi kwa sauti ya Marvin Gaye. Waliupa besi nzito ya rege na sauti za kuruka huku na kule, kana kwamba umbea unaosimuliwa mle ndani umefika sokoni na kila mtu anaudaka na kuuongezea chumvi. Hapo hakuna anayemcheka Gaye, wala hakuna anayemwabudu. Kinachosikika ni ujirani. Katika klabu ya Roxy, ambako panki wa London walikutana mwaka 1977, aliyepiga santuri alikuwa Don Letts, kijana mweusi mwenye wazazi kutoka Jamaika. Alipiga rege, kwa sababu panki ilikuwa bado changa na santuri zake zilikuwa chache mno kujaza usiku mzima. Bob Marley naye akajibu mwaka huohuo kwa "Punky Reggae Party". Watoto wa wahamiaji na watoto weupe wa mitaa ileile walikuwa wanajibizana kwa kurudiana nyimbo, kama majirani wanavyoazimana chumvi.

Nimeieleza London kwa urefu ili ionekane tofauti na Chicago. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua shehena ya santuri za disko katikati ya mechi mbili. Maelfu ya vijana wakavamia uwanja, nyasi zikaungua, na mechi ya pili haikuchezwa. Waliofanya vile walikuwa zaidi mashabiki wa roki ya redioni kuliko wapanki, lakini kauli yao ilikuwa ileile niliyomtupia mwenzangu wa chumba: sisi na pop ni maadui. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa mhudumu wa uwanja siku hiyo na baadaye mmoja wa waanzilishi wa muziki wa house, amesimulia kwamba aliona watu wakileta santuri za wasanii weusi ambazo hazikuwa za disko hata kidogo. Disko ilikuwa muziki wa weusi, wa Walatino, wa mashoga, wa wanawake wanaocheza. Pale uwanjani mtu aliyesema "nachukia pop" hakulazimika kusema anamchukia nani.

Kwa hiyo nikaanza kulitilia shaka jibu langu la usiku ule. Chuki dhidi ya pop haiji mikono mitupu. Inakuja na orodha ya watu, na mara nyingi orodha hiyo huanza na wasichana.

Kabla sijaendelea, kuna swali la kawaida ambalo mwenzangu wa chumba aliniuliza siku nyingine: hivi hawa hawashitakiwi? Jibu lake linaturudisha kwenye piano. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na piano zinazojipiga zenyewe kwa kufuata karatasi iliyotobolewa matundu. Mwaka 1908, katika kesi ya White-Smith dhidi ya Apollo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba karatasi ile si nakala ya wimbo, kwa kuwa binadamu hawezi kuisoma kama anavyosoma nota. Watunzi wakabaki bila malipo. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuwalipa, lakini likawa na hofu nyingine, kwamba kampuni ya piano ya Aeolian ilikuwa inakusanya mikataba ya watunzi ili ihodhi soko lote. Likaweka sharti: mtunzi akisharuhusu wimbo wake urekodiwe mara moja, mtu yeyote anaweza kuurekodi, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kufikia mwaka 2006 senti 2 zilikuwa zimekuwa senti 9.1. Ruhusa ya mtunzi haihitajiki.

Ila sheria hiyo ina mpaka. Unaweza kuupanga wimbo upya ufuate mtindo wako, lakini huruhusiwi kubadili sauti yake ya msingi wala asili yake. Ukitaka kuandika maneno yako, lazima uombe. Nilipolisoma hilo nikaelewa jambo nililokuwa nalisikia bila kuliona. Bendi hizi zinaweza kuongeza kasi mara tatu, zikanguruma, zikavunja mapigo katikati ya kiitikio, lakini maneno yanabaki karibu yaleyale. Mwanaume mwenye ndevu na michoro mwilini analazimika kusema kila neno ambalo binti wa miaka 16 alilisema, kwa mpangilio uleule. Huwezi kuimba maneno ya mtu kwa dakika tatu nzima ukabaki nje yake. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya piano iliwapa wapanki haki ya kuingia nyumbani kwa adui, kwa sharti kwamba wasihamishe samani.

Hadithi iliyonishika zaidi katika utafiti wangu haina kejeli ndani yake, na inaanza na msiba.

San Pedro ni mji wa bandari kusini mwa Los Angeles. Huko D. Boon na Mike Watt walikuwa marafiki tangu wakiwa na miaka 13, na baadaye wakaunda The Minutemen, mojawapo ya bendi zilizoitanua hadikoo mpaka ikawa kitu kingine. Walikuwa watoto wa wafanyakazi na hawakuona aibu kupenda nyimbo za redioni. Albamu yao ya 1984, Double Nickels on the Dime, ina marudio ya Van Halen, ya Steely Dan na ya Creedence Clearwater Revival. Mwaka 1985, katika albamu yao ya mwisho, waliurudia "Have You Ever Seen the Rain?", wimbo mwingine wa Creedence. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo gari lao la safari lilipata ajali Arizona. D. Boon akafariki. Alikuwa na miaka 27.

Watt aliacha muziki. Mwaka 1986 alikwenda New York na kufikia kwa Thurston Moore na Kim Gordon wa Sonic Youth, nao wakamshawishi ashike besi tena. Kati ya vitu vya kwanza alivyorekodi baada ya kifo cha rafiki yake ni wimbo wa Madonna. Sonic Youth walikuwa wamejipa jina la mzaha, Ciccone Youth, kutokana na jina la ukoo la Madonna, wakaurudia "Into the Groove" na kuchomeka ndani yake vipande vya sauti ya Madonna mwenyewe. Watt akachukua "Burning Up", wa mwaka 1983, na upande huo wa santuri ukawa wake.

Nimeusikiliza mara nyingi nikijaribu kukisia alichokuwa akifikiri. Ni wimbo wa mtu anayeungua kwa kumtamani mwingine. Angeweza kuchagua wimbo wa huzuni. Angeweza kurudia wimbo wa The Minutemen, lakini nani angepiga gitaa? Naona wimbo wa Madonna ulimfaa kwa sababu haukuwa wake. Nyimbo zako mwenyewe zinakudai, zinakuuliza yuko wapi mwenzako. Wimbo wa redioni haukujui, hivyo unaweza kuingia ndani yake ukakaa, kama msafiri anayelala nyumba ya wageni kwa kuwa nyumbani kwake pana msiba. Haya ni mawazo yangu, si kauli ya Watt. Ninachojua ni kwamba mwaka uleule alianzisha bendi mpya, fIREHOSE, na tangu hapo hajaacha kupiga.

Kwenye albamu ya Ciccone Youth ya mwaka 1988, Kim Gordon naye ana kipande chake. Aliingia kwenye kibanda cha karaoke, mahali ambapo mtu yeyote analipa na kuimba juu ya muziki uliokwishatayarishwa, akaimba "Addicted to Love" wa Robert Palmer. Anaimba bila kujitutumua, kama mtu anayesoma tangazo. Video ya Palmer ilijulikana kwa wanamitindo waliovaa sare na kusimama nyuma yake bila uso wowote. Gordon alichofanya ni kumweka mmoja wao mbele na kumpa kipaza sauti.

Miaka ya 1990 mzaha ukawa kazi ya kudumu. Mwaka 1995 wanamuziki wa bendi kama NOFX, Lagwagon na Swingin' Utters waliunda Me First and the Gimme Gimmes, bendi isiyotunga chochote. Kila albamu ilikuwa na mada: nyimbo za maigizo ya jukwaani mwaka 1999, za R&B mwaka 2003, za kantri mwaka 2006. Mwaka 2004 walitoa albamu iliyorekodiwa katika bar mitzvah, sherehe ya Kiyahudi ya mvulana aliyetimiza miaka 13. Ukiisikiliza unategemea kusikia panki wakiharibu sherehe ya watu, kama jina la albamu linavyotishia. Ila unachosikia ni bendi ya harusi tu, yenye kasi kidogo. Wanapiga nyimbo ambazo wazazi wa kijana wanazijua. Mzaha umezunguka mpaka umekuwa huduma.

Kisha ikaja biashara. Lebo ya Fearless, iliyoanzishwa California mwaka 1994, ilitoa mwaka 2002 albamu iitwayo Punk Goes Pop, ambamo bendi za panki zinarudia nyimbo za chati. Ya pili ilitoka 2009, na kufikia 2017 zilikuwa zimefika saba. Humo ndimo August Burns Red walikutana na Britney, na Attack Attack! wakakutana na Katy Perry. Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Bendi changa ya posti-hadikoo ina nyimbo ambazo hakuna anayezitafuta kwa jina. Wimbo wa Bruno Mars unatafutwa na dunia nzima. Ukiurudia, unasimama kwenye mlango ambao watu tayari wanapita. Mwaka 2009 ulikuwa unalipa senti 9.1 kwa nakala, nawe unapata msikilizaji ambaye asingekufikia maishani.

Hapo kejeli na upendo vyote viwili vinaanza kunuka soko, na sikufurahi nilipofika mahali hapo. Mwaka 2008 lebo hiyohiyo ilitoa Punk Goes Crunk, ambamo bendi za roki, nyingi za vijana weupe, zinarudia nyimbo za hip hop. Baadhi zimefanywa kwa heshima. Lakini katika nyingine utani mzima ni huu: tazameni, sisi tunasema maneno ya watu weusi. Ukimwondoa mweusi kwenye utani huo, hakuna kinachobaki cha kuchekesha. Nikakumbuka zile santuri za Comiskey Park. Katika London ya Don Letts kurudia wimbo kulikuwa kujibizana, na Marley alijibu. Hapa sioni nani anayengojewa ajibu.

Basi nilikaribia kuliacha swali. Kilichonirudisha ni mtu mmoja wa Sweden.

"...Baby One More Time" ulitungwa na Max Martin, ambaye kabla ya kuwa fundi mkuu wa pop duniani alikuwa mwimbaji wa bendi ya metali iliyoitwa It's Alive. Britney hakuwa mbali na magitaa mazito kama nilivyodhani. Wimbo wake ulitoka kwenye mkono wa mtu wa metali, na August Burns Red waliurudisha nyumbani bila yeyote kuwaambia. Max Martin huyohuyo, pamoja na Dr. Luke, ndiye aliyeutunga "Since U Been Gone" wa Kelly Clarkson, wa mwaka 2004. A Day to Remember, bendi ya Florida, waliurudia mwaka 2008. Lakini kabla yao, mwaka 2005, Ted Leo, aliyekulia katika hadikoo ya New York, aliuimba akiwa peke yake na gitaa. Katikati ya wimbo aliingiza kipande cha "Maps", wimbo wa bendi ya roki ya New York, Yeah Yeah Yeahs. Watu wakacheka. Kisha wakasikia: gitaa la wimbo wa Clarkson lilikuwa linafanana mno na gitaa la "Maps". Leo alikuwa anaonyesha kidole, na wakati huohuo alikuwa anaimba kwa moyo wake wote. Pop ilikuwa imeazima kwa roki, naye akaazima kwa pop.

Jambo hilohilo lilitokea mwaka 2003, The Ataris walipourudia "The Boys of Summer" wa Don Henley. Walibadilisha kitu kidogo kimoja. Katika wimbo wa Henley, wa mwaka 1984, kuna gari la kifahari lenye stika ya mashabiki wa Grateful Dead, bendi ya mahipi, na stika hiyo inaonyesha jinsi ujana wa watu unavyoishia kwenye gari la bei. The Ataris waliweka mahali pake stika ya Black Flag, bendi kubwa ya hadikoo. Wimbo ukaingia 20 bora za Marekani. Panki mmoja alikuwa anakiri mbele ya nchi nzima kwamba na sisi tumezeeka, na sisi tumenunua magari, na wimbo uliotuwezesha kulisema hilo tuliupata upande wa pili.

Nilimsimulia mwenzangu wa chumba haya yote jioni moja umeme ulipokatika na hatukuwa na la kufanya. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo jibu ni lipi?" akauliza. Nikamwambia nadhani kejeli ni kibali. Mvulana anayetakiwa awe mkali hapewi ruhusa ya kusema mbele ya wenzake kwamba ameachwa na anaumia. Akiusema kwa sauti ya mzaha, anaruhusiwa. Wengine wanachukua kibali hicho na kukitumia kuwatukana wenye wimbo. Wengine wanakichukua, wanapita mlangoni, na wakishaingia ndani wanasahau kwamba walikuja kucheka.

Halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wavulana, walinikuta na nyimbo za Westlife kwenye simu niliyokuwa nimeificha. Kwa muhula mzima niliitwa jina la kike. Mwaka uliofuata nikawa nasikiliza magitaa mazito tu, kwa sauti ya juu, ili wasikie. Nilikuwa nayapenda kweli. Ila nilianza kuyapenda kwa woga.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema dada yake mkubwa alikuwa na daftari la kaunta ambamo alinakili kwa mkono maneno ya nyimbo za Kiingereza, na la Britney lilikuwa ukurasa wa kwanza, limezungushiwa maua ya kalamu nyekundu. Yeye alikuwa analiiba dada akienda kisimani. Ndiyo maana aliyatambua maneno usiku ule, hata katikati ya mngurumo.

Umeme uliporudi akaniomba niupige tena. Mstari wa kwanza alicheka. Kuanzia wa pili alikuwa anaimba.